Pazia Pasipo Dirisha

Jumamosi, 3 Mei

Nimerudi kutoka kununua vitambaa. Miti haipo. Mijakaranda kumi na mmoja ya mama, yote chini!

Nilisimama dirishani, begi bado begani. Sebule hii niliijenga kwa ajili ya dirisha hili, na dirisha hili kwa ajili ya miti ile. Mita mbili na nusu kwa moja na nusu, kioo kitupu, hakuna nondo. Sasa naona visiki, lundo la matofali ya saruji, turubai la bluu. Mlima umebaki nyuma peke yake, kama mtu aliyenyolewa kwa nguvu. Kaka anafungua kiwanda cha matofali.

Ni upande wake wa mpaka, hilo najua. Yeye alirithi. Mimi kipande cha juu nilikinunua kwa jasho la cherehani. Nikamfuata. Hata kitini hakuinuka. Eti miti haina faida, inamwaga maua tu. Halafu, mbele ya vibarua wake:

"Kama hupendi unachokiona, weka pazia. Si ndiyo kazi yako?"

Wakacheka wote. Hata yule ninayemshonea mkewe bure.

Jumanne, 6 Mei

Kaka kapiga simu, sauti ya asali. Binti yake anaposwa, upande wa kijana wanakuja tarehe thelathini na moja. Sebule yake imejaa mifuko ya saruji. Anaomba yangu. "Wewe una jicho la vitu, dada." Jumamosi nilikuwa mshona mapazia, leo nina jicho!

Nimekubali haraka mno. Hakushangaa. Hajui kwamba nilikuwa nimeshageuka, nautazama ukuta mtupu unaokabili dirisha.

Alhamisi, 8 Mei

Duka la picha. Muuzaji, miwani utosini, akanizungusha: pundamilia, mistari, miduara. Anasema picha ya sebule lazima ipatane na kilicho nje. Chukua rangi moja ya mlima, moja ya zulia, vizungumze. Nikamwambia nataka vigombane. Akadhani natania. Lakini akanipa namba ya mchoraji wake.

Mchoraji kaja jioni. Maneno machache, nimempenda. Alikalia kila kiti, akautazama mlima, visiki, zulia langu la kijivu. Nikampa ile picha pekee ya zamani: mama chini ya miti na beseni lake la nguo. Nikasema nataka miti tu. Akajibu kwamba mti bila mtu hauna urefu.

Haya, mama abaki. Tena awe amegeuka huku. Akitazame kile kiti atakachokaa kaka.

Vipimo: vya dirisha, bila kupunguza sentimita. Kimo kutoka sakafuni: kilekile. Upande huu kilichokuwepo, upande ule alichokifanya. Na yeye katikati.

Jumanne, 27 Mei

Picha imefika. Nilijiandaa kufurahi, nikajikuta nimekaa chini. Zambarau ile! Nguo za mama zilikuwa zikianuliwa na maua mifukoni.

Mchoraji kaonya: jua la jioni linaupiga ukuta ule moja kwa moja, rangi itapauka. Basi nimeishonea pazia. Ndiyo kazi yangu. Kitambaa kizito, mikunjo mipana, kamba ya kuvutia upande wa kulia. Dirisha lenyewe nimeliacha uchi.

Mpango ni mfupi. Chai ikishamiminwa, navuta kamba. Mgeni yeyote atauliza hapo ni wapi. Nami nitanyoosha kidole dirishani. "Ni pale." Sitaongeza neno.

Alhamisi, 29 Mei

Kaka kaja kukagua. Hajawahi kukanyaga humu tangu nihamie, alikuwa akiishia barazani. Kaona pazia ukutani, katabasamu hadi masikioni. "Naona ulinisikia. Limebaki dirisha hili jingine."

Nikamwambia hatua kwa hatua, kaka.

Ijumaa, 30 Mei

Sindano amekuja kunisaidia kupanga viti. Ndiye binti wa kaka anayeposwa, jina hilo nilimpa mimi, alipokuwa mdogo akinitungia uzi. Hakudanganyika. "Shangazi, ukuta huu hauna dirisha." Akavuta.

Alimtazama bibi yake pichani, mkono mdomoni. Kisha akageuka, akaviona visiki, akakiona kiti cha baba yake. Akili ya mtoto huyu ni yangu.

"Hili ni kofi la baba, nimeelewa. Lakini litapita usoni kwangu kwanza."

Anasema upande wa kijana ni watu wa kupima. Wakituona tunaumbuana mbele ya wageni, watajiuliza kijana wao anaingia wapi. Hakuniomba niishushe picha. Kaomba nisiifunue kesho tu.

Nimeahidi sitaigusa kamba. Akafunga mwenyewe, akanyoosha mikunjo vizuri kuliko mimi.

Nimebaki na hasira yote, sina pa kuiweka. Kaka anaokolewa tena, na safari hii hata hajui.

Jumamosi, 31 Mei

Naandika jikoni, nimesimama, daftari juu ya friji. Maji yanachemka.

Wamekuja sita. Mwenye kauli ni bibi yake kijana. Wanamtazama yeye kwanza ndipo wacheke. Kaka kakaa pale pale nilipompangia. Anaisifu sebule "yetu". Yetu! Kisha eti mimi kanilea yeye. Baba wa kijana akatazama nje, akauliza pale penye visiki palikuwa na nini.

"Vichaka tu," kaka akasema.

Vichaka. Mkono wangu ulikwenda wenyewe upande wa kulia, kwenye kamba. Sindano akanikazia macho. Nikaja huku kutazama chai. Ahadi ni ahadi.

Joto. Vumbi la saruji linaingia kwa dirisha lililo wazi, halina pa kutokea. Namsikia bibi wa kijana:

"Wanangu, humu hewa haipiti. Na hilo dirisha jingine mmelifungia nini? Vuteni pazia."

Kisha kiti kinalia. Ni kile, mguu wake mmoja mbovu. Kaka.

"Kaa, mama, nitakuvutia mwenyewe. Dada yangu huyu na mapazia yake!"

Wanacheka.

Sindano yuko mlangoni na sinia la vikombe. Ananitazama tu, anangoja niite. Nikiita sasa, kaka atasimama njiani. Kutoka kitini hadi kwenye kamba ni mita nne, nilipima mwenyewe, na yeye hatembei haraka.

Niliahidi sitaigusa kamba. Sijaigusa.

Pete za pazia zimeanza kukwaruza fimbo, na mimi bado naandika.