Mto wa Wasiouza Samaki

Kilosa, Jumatano

Bado nina hasira. Mzee Athumani, mstaafu wa reli, alikuja ofisini kwetu wilayani kuwatetea wenzake wanaovua kwa ndoano kila Jumapili. Mwekezaji amezungushia uzio ukingo wa mto Mkondoa, wanapovua.

“Samaki mnauza wapi?” mkubwa wangu akamuuliza.

“Hatuuzi, mheshimiwa. Tunavua kujiburudisha.”

“Basi hamna hasara! Hizi ni zama za biashara, mzee.”

Ofisi nzima ikacheka. Kumbe asiyeuza hana haki hata ya kuketi mtoni?

Nilipomwamkia shikamoo, aliitika, “Marahaba, karani,” kama hanijui. Mimi, ninayevua naye kila Jumapili! Alificha kwamba mimi ni mwenzao, nisije nikapunguzwa kazi.

Naogopa sana kupunguzwa. Lakini kesho nitamwambia mkubwa: hata mimi huvua pale, na siuzi.