Mayai Yaamue

Jumapili, 3 Mei

Jogoo amekimbia! Siamini ninachoandika. Miezi miwili ndugu yangu Radamés hakulala kitandani kwake — alihamia bandani kwa jogoo, godoro na yote — na leo kwenye ulingo wa kupiganisha majogoo kule mjini Moca, pigo la pili tu, mnyama akageuza mgongo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Jogoo la shamba haliwiki mjini! Walilirudia hilo hadi tunapanda gari.

Huyo alikuwa wa mwisho wa mbegu ya marehemu baba. Wekundu, miguu ya manjano. Hakuna mwingine. Radamés alimnyonga papo hapo, ndiyo desturi kwa jogoo mwoga. Mkewe, Noelia, akampika na viazi vikuu. Hakuna aliyegusa. Mimi nilikula paja. Gumu.

Jumatatu, 4 Mei

Radamés kaamka na neno moja mdomoni: nguvu. Jogoo aliishiwa nguvu, na jogoo haishiwi nguvu hivi hivi — kaonjeshwa majike. Ndiyo maana hufungwa peke yake kabla ya pambano, hata mtoto mdogo anajua. Nani kamfungulia? Akaapa: awe nani, halali tena katika nyumba hii.

Wa kwanza kuitwa ni Belarmino, aliyekuwa akimfunza jogoo mchana. Si mtu baki. Ni kompadre wake, baba wa ubatizo wa mtoto wake, na hapa kwetu kugombana na kompadre ni dhambi kubwa kuliko kugombana na ndugu wa tumbo moja. Radamés akamwinulia kapu la mayai. Uani hakuna jogoo mwingine, ua una waya pande zote, haya mayai yametoka wapi?

Belarmino akacheka. Kosa hilo.

"Kompadre, acha utoto. Kuku hutaga hata kama hajui jogoo ana sura gani. Kwani mayai ya dukani yana baba? Kutaga si kitu. Kuangua ndiko kunakotaka jogoo."

"Basi tuyaatamishe."

"Yaatamishe."

"Yakianguliwa, usikanyage hapa tena. Na mwanangu nitamtafutia baba mwingine wa ubatizo."

Belarmino akavaa kofia. Akasema sawa, mayai yaamue. Hakuogopa hata chembe. Noelia alikuwa akimenya ndizi, akajikata kidole.

Namwonea huruma Belarmino. Maana jogoo alifunguliwa kweli. Ila si yeye aliyefungua.

Jumanne, 5 Mei

Mayai kumi na moja. Lazima yawe witiri, la sivyo yote viza. Yametiwa kiotani alasiri kutoka kwenye kofia ya Radamés, na msumari mkubwa chini ya nyasi, ngurumo zisije zikaua vifaranga ndani ya maganda. Tetea mweusi ndiye aliyekalia. Ana hasira za bure, anafaa.

Dirisha langu la cherehani linatazama uani. Aprili nzima, Belarmino akisinzia baada ya chakula, Noelia alikuwa akifungua kizimba. Muda mfupi tu. Jogoo anatoka, anajikung'uta, anaita majike. Noelia anaegemea ukuta anatazama. Kisha anamrudisha na kufunga. Sikusema kitu. Si kazi yangu kuchunga kuku, wala wake za watu.

Alhamisi, 7 Mei

Noelia kaanza mezani. Ati kwao pwani kuku huangua hata bila jogoo, akishikwa na joto sawasawa. Radamés akamwambia basi huko kwenu hata wanawake hawana haja na waume.

"Wengine tumeshazoea," akamjibu.

Nikaomba chumvi.

Jumatano, 13 Mei

Udadisi umenishinda. Tetea alipotoka kula nikachukua mayai matatu, nikafunga dirisha, nikaliweka moja ngumini juu ya tochi. Mishipa! Imetanda myekundu kama mizizi, na katikati kitone cheusi kinachezacheza. La pili vilevile. La tatu tupu, mwanga umepita moja kwa moja.

Kugeuka, Noelia yuko mlangoni.

"Yakoje, wifi?"

Nikasema sioni vizuri, macho ya uzee. Akakaa kitandani kwangu, akaanza kunieleza bila kuulizwa. "Nilimwonea huruma tu. Kafungwa peke yake, analia mchana kutwa. Mume wangu yuko naye usiku kucha, mimi niko na mto. Nikasema, wifi, angalau mmoja wetu..." Hakumaliza.

Nikamwambia amwambie mumewe. Hapana! Atamrudisha kwao, na mtoto atabaki hapa. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Yangu unaiona." Sikubisha. Miaka sita yupo hapa na majirani bado wanamwita yule wa pwani.

Nikayarudisha mayai kabla hayajapoa.

Jumamosi, 16 Mei

Mvua kubwa alasiri. Kabla haijaanza, mawingu yakiwa bado mlimani, nilimwona Noelia anakwenda bandani kajitanda shali. Akapitisha mkono chini ya tetea. Akadonolewa, hakuutoa. Akarudi na msumari ngumini.

Ngurumo zilipiga mpaka sahani zikalia kabatini. Yeye alikaa jikoni, kila radi na ishara ya msalaba. Sijui alikuwa akimwomba Mungu ayaue au ayanusuru. Nadhani hata yeye hakujua.

Jumapili, 17 Mei

Kanisani Belarmino kakaa benchi la nyuma. Mtoto alimwona, akamkimbilia kuomba baraka kama kila Jumapili. Radamés akamvuta mkono. Mkono wa Belarmino ulikuwa umeshainuka. Ukabaki hewani, kisha akajikuna nao sikio.

Iliniuma. Nilitaka kusema pale pale. Padri akaanza misa.

Jumatano, 20 Mei

Hakuna jipya. Nimemaliza gauni la mteja, kiuno kimekaza.

Jumatatu, 25 Mei

Nimeweka yai sikioni. Kinalia humo ndani! Ngurumo zile zote hazikuua kitu. Sikumwambia mtu, ila Noelia alinitazama usoni akajua. Amesugua sufuria moja mara tatu.

Radamés hajui anachotaka. Asubuhi anasema heri yawe viza, kompadre awe mkweli. Jioni anasema kikitoka hata kimoja chekundu atakipa jina la baba. Nikamwambia achague moja. Akaniambia mimi sina moyo. Labda.

Jumanne, 26 Mei

Yowe wakati wa kahawa. Nikatoka mbio. Kifaranga kimoja kimeshatoka, kimelowa, miguu ya manjano. Manjano kabisa! Ndugu yangu kapiga magoti kwenye mavi ya kuku, analia, anasema baba, baba. Hata mazishini sikumwona hivi.

Kisha la pili likapasuka na machozi yakakauka. Akakumbuka. Akanawa mikono, akaenda mwenyewe kumwita Belarmino.

Belarmino kaja na kofia mkononi. Akatazama kiotani muda mrefu.

"Wana baba, kompadre, hilo sipingi. Lakini mimi sikumfungulia. Naapa kwa mtoto niliyemsimamia ubatizoni."

"Mchana alikuwa mikononi mwako!"

"Alikuwa. Nami nilikuwa nasinzia. Hilo ndilo kosa langu, sina jingine."

Noelia, mlangoni pa jikoni, akaleta tena ile habari ya kuku wa pwani. Radamés alimtazama, akakaa akimtazama. Halafu akainua macho mpaka kwenye dirisha langu.

"Dada, wewe unashinda hapo na cherehani yako kutwa kucha. Uliona nini?"

Wote watatu wakanigeukia. Noelia hakunikonyeza, hakuniomba. Alijifuta mikono tu, mikono mikavu.

Nimesema ngoja nikachukue miwani. Niko chumbani, naandika upesi upesi. Nikisema, Noelia anafungasha leo hii na mtoto anabaki akimlilia mama. Nisiposema, Belarmino anatoka lango lile mwongo mbele ya kijiji kizima, na hajasema uongo hata mmoja. Nimekaa dirishani miaka yote hii nikijua hakuna atakayeniuliza.

Nje vifaranga tu ndivyo vinavyolia, sasa nadhani ni vitatu.

Radamés anaita tena. Dada, miwani gani hiyo haionekani?

Iko usoni kwangu.