Sauti ya Fimbo Uliyoisikia kwenye Simu

Mwanangu Riziki,

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu tangu jana simu hazishiki, hapa Baraka na hata Fizi, kama ninavyosikia. Pengine ni afadhali. Neno nililo nalo nisingeweza kulitamka nikisikia sauti yako.

Unakumbuka likizo ile uliyokuja kutoka Lubumbashi, ukanitoa nje kila asubuhi? Ulinifundisha kusimama kwa mguu mmoja nikiwa nimeshika dirisha, na kutembea kisigino mbele ya vidole kutoka mlangoni hadi jikoni. Nikisita kidogo, unanitania: "Direkta, umechelewa. Piga magoti." Mimi mkuu wa shule niliyewapigisha magoti watoto wa nusu ya mji huu nilicheka hadi machozi yakanitoka. Nilijua pia kwa nini ulichagua kazi ya kuwatembeza wagonjwa, ingawa hilo hatukulizungumza.

Ni kwa ajili ya Koko wako, mama yangu. Huku kwetu mzee huheshimiwa kwa kukalishwa. Koko alipoanza kuyumba tulimnyang'anya jembe, kisha ndoo, mwisho hata ufagio. Akitaka kuinuka, wakwe zake walikimbia: Mama, kaa, tutaleta. Tulijivuna kwamba mama yetu hagusi kazi. Vita ilipofika, wewe ukiwa bado mdogo, miguu yake ilikuwa imekwisha kusahau. Niliinama nimbebe, naye akanisukuma na kukunyooshea wewe kidole. "Mubebe batoto," alisema. "Mi nitalinda nyumba." Ndani ya boti, tukivuka ziwa, uliniuliza Koko yuko wapi, nikakufunika kichwa kwa koti langu. Tuliporudi, kiti chake kilikuwa mahali pale pale, kitupu, na hakuna jirani aliyetaka kutueleza.

Kwa hiyo nilijua, Riziki. Hakuna mtu aliyejua kuliko mimi.

Ulipoondoka niliendelea na mazoezi. Halafu Jumapili moja ya mvua nikaanguka kwenye ngazi za kanisa. Sikuvunjika mfupa. Wanafunzi wangu wa zamani, wenye mvi sasa, waliniinua, wakanipangusa matope kwenye suti, wakasema pole, Mwalimu. Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Tangu siku ile, kila nikisimama nasikia kama ardhi inanisubiri. Magoti yanatetemeka kabla sijapiga hatua. Nikaanza kukaa. Na kadiri nilivyokaa, ndivyo miguu ilivyoisha nguvu, na woga ukapata sababu.

Uliponipigia simu na kusema, "Baba, tembea nisikie," nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda. Niligonga fimbo kwenye sementi, polepole, nikipumua kama mtu aliyechoka. Ukanisifu. Jioni nyingine ukaniambia mwendo wangu umekuwa wa haraka. Niliongeza mwendo mimi mwenyewe, kwa kukufurahisha.

Ndugu yako Alimasi hakujua. Anatoka alfajiri kununua ndagala kwa wavuvi, anarudi giza limeingia, na uliyomwambia wewe ndiyo aliyoamini. Mkewe Neema alijua. Nilimwomba anyamaze, na mkwe hawezi kumwumbua baba mkwe wake. Mara moja tu, akiosha vyombo, alisema bila kunitazama: "Mi siko na sema kitu, Baba. Lakini siku ya kukimbia, mutoto iko kwa mugongo, weye ntakuweka wapi?"

Nilijifanya sikusikia.

Watu wa milimani walipoanza kuteremka na magodoro wakikimbia vita, Alimasi alitaka tuhame sote kwenda Kalemie, mapema, kwa utulivu. Wewe ulinitetea kwenye simu. Ulimwambia asiniharakishe kuacha nyumba yangu. Baba anatembea kila siku, hali ikiharibika atafika ziwani kwa miguu yake. Nilikuwa nimekaa hapo hapo, nasikia. Ningeweza kusema neno. Nilikuwa nawaza ule ubao wa kupandia boti, mwembamba, umelowa, na wamama wa soko wamesimama wananitazama. Kwa kuogopa ubao, nimewaweka watoto wa Alimasi hapa.

Tangu jana kuna ngurumo milimani, na anga ni nyeupe, haina wingu la mvua. Wakimbizi wa kambi ya Lusenda, waliokwisha kukimbia Burundi, wanafunga mizigo tena. Leo asubuhi nilimwita Alimasi nikamweleza yote. Aliitazama miguu yangu.

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu mvua zilizopita."

Hakunigombeza. Alivaa viatu, akaenda kutafuta boti na watu wa kunibeba. Jua limepita utosini na hajarudi. Barabarani wanapita watu wengi, wote kuelekea upande mmoja, na hakuna anayesalimu.

Neema amemfunga mtoto mgongoni. Yule mkubwa ameshika pindo la kikwembe alichojifunga mama yake. Nimemwambia atangulie ziwani, mumewe atamkuta huko. Amenijibu kwa heshima ile ile: "Siwezi kukuacha umekaa, Baba." Amekaa kizingitini, amenipa mgongo. Majirani wanamwita, anawaashiria wapite.

Nimeitia barua hii kwenye mfuko wake, nikaitoa tena ili niongeze maneno haya. Ikikufikia, ujue Neema na watoto wamevuka. Usimwulize habari zangu kwa ukali; atakuwa amefanya nilivyomwagiza. Na kati ya wagonjwa wako, mzee akikuambia kwa simu kwamba anatembea, nenda ukamwone kwa macho.

Sasa nitairudisha mfukoni mwake, kisha nitasimama. Nitashika ukuta kwa nyuma, asione mkono wangu, nami nitamwambia atangulie, nipo nyuma yake. Lazima aniamini. Naomba magoti yavumilie tu mpaka wafike kwenye kona.

Ubaki salama, mwanangu.

Baba yako