Baba na Wakorea Wake

Kwako, Baba yangu,

Wakorea wamerudi nyumbani. Televisheni ilikuwa imefunikwa kitambaa tangu arobaini yako. Hakuna aliyekataza kuiwasha, ila hakuna aliyeiwasha. Juzi Mama alikifua kile kitambaa, na kilipokuwa kinakauka uani akaniambia nijaribu kuona kama bado inafanya kazi. Inafanya. Rimoti yako bado ina mafuta ya mawese kwenye kitufe cha sauti. Nimeifuta kwa sabuni hadi nimechoka, sasa nimeiacha ilivyo.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo la kukueleza, na jambo lenyewe limeanzia kwao. Usiwe na wasiwasi, sitakulilia hapa. Unanijua. Machozi uliyamaliza wewe mbele ya ile televisheni, mimi kazi yangu ilikuwa kusoma.

Ulianza kwa dharau. Ulirudi kutoka Kizuka kununua mawese, shati limejaa madoa, ukanikuta nimeikodolea macho televisheni, ukauliza hawa Wachina wanalilia nini. Nikakuambia si Wachina, ni Wakorea. Ukasema kwako ni yale yale, ukakaa ili uvue viatu, na hukuinuka mpaka sehemu ile ikaisha. Kesho yake, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya bidoni moja ya mawese sokoni, ulitaka kujua kama yule kijana mwenye mwavuli alishamwambia msichana ukweli. Bado, nikasema. Ukaguna. Jioni ile ulisali magharibi, ukawahi kiti.

Tulijaribu kwanza filamu zile zinazotafsiriwa na vijana wa Tanzania, ambamo mtu mmoja anawasemea wote, mzee, mtoto na mke wa mtu, na katikati anatia utani wake mwenyewe. Hukuzipenda hata kidogo. Ulisema huyu bwana ni kama mshenga, anaongea yeye tu na mwenye harusi humsikii. Basi tukahamia kwenye zile zenye sauti zao wenyewe na maandishi ya Kifaransa chini. Wewe Kifaransa hukukisoma, na mimi nilikaa darasani miaka yote ile kwa pesa ya mawese yako, kwa hiyo nikawa nakusomea kwa Kiswahili. Ulileta filamu kutoka kwa yule kijana wa mjini anayezijaza kwenye flashi, mimi nikasoma, Mama akachambua samaki wadogo wa ndagala pembeni na kujifanya hasikii. Kumbe alikuwa anawajua wote kwa majina.

Siku moja ulinifanya nirudishe picha nyuma. Kijana alikuwa anampa mkwewe kikombe, mikono yote miwili, kichwa kimeinama kidogo. Ukaitazama tena na tena. Kwetu pia anayepokea kitu kwa mkono mmoja huonekana hakulelewa, na hata mwenye duka akikurudishia chenji hushika kiwiko chake. Ukatangaza kwamba hawa watu ni Warundi waliopotea njia. Kuanzia hapo ukawa mtetezi wao mtaani kote. Mambo mengine uliyaruka. Uliniuliza ni kinywaji gani kile kwenye chupa za kijani, nikakuambia ni maji, ukasema maji yanayomfanya mtu aimbe njiani ni maji ya wapi, ukayaacha hapo. Na walipopiga magoti mpaka paji la uso likagusa sakafu, ulinikataza kutazama. Magoti ni ya Mungu, ulisema.

Mimi sikuwahi kuamini kila kitu, na bado siamini. Najua kule nako kuna wanaume wanaokoroma. Katika hadithi zao kila tajiri ana mama mkali, anayependwa sana lazima agongwe na gari na kusahau jina lake, na mvua husubiri watu wagombane ndipo inyeshe. Nilichopenda ni kwamba hawana haraka. Watu wawili wanaweza kukaa sehemu nne nzima za hadithi kabla mmoja hajagusa mkono wa shati la mwenzake. Hapa Rumonge jambo kama hilo lingekuwa limeshajadiliwa sokoni na kupewa hukumu kabla ya adhuhuri. Wewe ulipenda kitu kingine. Ulipenda kwamba kijana huja mwenyewe. Anajua atafukuzwa, anajua baba wa msichana ni mkali, na bado anasimama mlangoni kwa miguu yake. "Amekuja mwenyewe," ulikuwa unamwambia Mama, kana kwamba kijana huyo ni wa mtaa wetu.

Laiti ungeishia kupenda tu.

Walipokuja kuniposa watu wa Hamisi, mchumba wangu wa kwanza, kutoka Buyenzi kule Bujumbura, kila kitu kilikwenda kama kinavyokwenda kwetu. Wazee wake walikuja kwa gari, wamevaa kanzu, na Hamisi akabaki Bujumbura, kwa sababu mposaji haonekani siku ya posa. Kazi hiyo ni ya wakubwa. Mama alipika pilau na samaki wa ziwani, mikeke mikubwa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na nguo mpya. Mkala, mkashukuru, msemaji wao akasema maneno yake mazuri, na sote tukangoja useme kwamba umesikia na utawajibu baada ya kushauriana na ndugu. Ndivyo inavyosemwa. Badala yake ulisema:

"Murakoze sana kwa kuja, wazee wangu. Lakini huyo kijana aje yeye mwenyewe. Miye siwezi kupa mutoto kwa muntu sijaonaka sura yake."

Mkubwa wao akajibu polepole kwamba kijana husemewa na wakubwa wake, na kwamba hawakujua katika nyumba hii mume hukaguliwa kama ng'ombe. Ukasema hukuwa na nia mbaya, ulitaka tu kunywa naye chai. Wakaondoka kwa adabu zote, na ile adabu ndiyo iliyonionyesha kwamba hawatarudi. Hamisi alinipigia simu wiki ile, akasema angetaka kuja lakini wazee wamekataa, heshima ya ukoo imeguswa. Kutoka Bujumbura mpaka Rumonge ni barabara moja tu, ziwa mkono wa kulia. Hayo nayaona sasa. Wakati ule niliona kitu kimoja, kwamba baba yangu ameniharibia ndoa kwa ajili ya watu wa kwenye televisheni.

Nilinyamaza. Nilikupikia, nilikufulia, nilikuamkia asubuhi kama mtoto mwenye adabu, na zaidi ya hapo sikukupa neno. Wala sikukusomea tena. Nilidhani utaachana na mambo yale, maana utatazama nini bila maneno? Wewe ukawasha kama kawaida. Ulipunguza sauti, ukakaa kwenye kiti chako, na kile cha pembeni ukakiacha wazi. Mimi nilikuwa nyuma kwenye cherehani, nashona sare za shule za watu, nakuona kisogo. Miezi ilipita hivyo. Watu wakisema pale mbele, wakilia, wakikimbiana kwenye viwanja vya ndege, na wewe huelewi hata salamu.

Kisha ukaanza kumsimulia Mama. Ulikuwa unabuni. Daktari ulimfanya mwizi, wakili ukamfanya kaka wa marehemu, na Mama anaitikia tu huku mikono imo kwenye ndagala. Nilivumilia. Lakini jioni ile uliposema yule mwanamke mwenye koti jekundu ni mama mzazi wa msichana, na kwamba analia kwa huruma, nilishindwa.

"Huyo si mama yake," nikasema. "Huyo ni mke mukubwa wa baba yake. Na halii, anacheka."

Hukugeuka. Ulisogeza tu kile kiti cha pembeni kidogo, ukasema, "Nilijua utachoka kunisikia nikikosea."

Nilikuja kukaa. Tulimaliza hadithi ile na nyingine nyingi, na la Hamisi hatukulitaja, mpaka siku ulipokuwa kitandani hospitalini na sukari imeshakuchukua mguu. Nikakuuliza kama ulitaka kweli kunywa naye chai tu. Ukaniambia ulikuwa na swali moja la kumuuliza. Hukutaka kujua mali yake, wala ukoo wake, wala anasali wapi, hayo ungeyajua kwa watu. Ulitaka kumuuliza siku binti yako akikasirika akanyamaza, yeye atafanya nini. Ukasema mimi nina kunyamaza kule kwa mama yako mzazi, bibi yangu, na mwanamume asiyejua hilo atateseka na atanitesa. Ulisema bila huzuni, kama mtu anayetaja kasoro ya mashine kabla ya kuiuza. Nilicheka. Sasa hivi ninapoliandika sicheki, nakukosa, na naona bora niseme hivyo wazi mara moja kisha tuendelee.

Jambo lenyewe ni hili. Ameniposa mtu anayeitwa Ramadhani, wa Minago, anatengeneza injini za mitumbwi. Hukumjua. Alileta suruali yake kwenye cherehani yangu ipunguzwe, akairudisha kwamba bado ndefu, akairudisha tena, mpaka suruali ikakaribia kuwa kaptula ndipo nikaelewa. Baba Mdogo ndiye walii wangu sasa, wa kuniozesha, naye ni mtu wa utaratibu. Nilipomwambia nataka Ramadhani aje mwenyewe, alisema hayo ni mambo ya televisheni ya kaka yake na yameshatugharimu mchumba mmoja. Nikamwambia ni neno la kaka yake hata hivyo. Alikaa akafikiri, akasema neno la marehemu si la kutupwa. Wazee wa Minago walinung'unika, wakapeleka habari na kurudisha habari, mwishowe wakakubali aje na mjomba wake mmoja.

Walikuja Jumapili kwa pikipiki. Mimi na Mama tulikuwa nyuma ya pazia lile lile. Ulikuwa unangoja niseme alipokea kikombe kwa mikono miwili, sivyo? Alikipokea kwa mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na bandeji, injini ilimng'ata. Baba Mdogo aliuliza kuhusu kazi, akauliza kuhusu ukoo, akauliza msikiti anaosali, yote yale ambayo wewe hukutaka kuyauliza. Lile swali lako moja nililompa, nililomkumbusha asubuhi ile ile mbele ya Mama, alilisahau. Mjomba mtu akaanza kukohoa kidogo, na Baba Mdogo akainua mikono ili waisome Fatiha na kuyamaliza.

Nilimshika Mama mkono ili nimwambie. Hakuningoja. Mwanamke hasemi kutoka nyuma ya pazia siku ya posa, na Mama hata siku za kawaida si msemaji, lakini alisema kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia:

"Shemeji, bado. Iko swali moja ya mwenye nyumba haijaulizwa."

Mikono ikashuka. Mama akaliuliza kama ulivyolisema, bila kuongeza wala kupunguza: siku akikasirika akanyamaza, wewe utafanya nini?

Kupitia upenyo wa pazia nilimwona Ramadhani anatazama bandeji yake. Mjomba wake alimnong'oneza kitu, labda jibu zuri, yeye akatikisa kichwa.

"Sijui, mama," akasema. "Nazani nitakaa tu pale karibu yake, mpaka achoke kunyamaza."

Mama aliniachia mkono. Akanisogezea sinia lenye birika la pili. Nikalibeba mwenyewe, nikapita pazia mbele ya watu wote, nikawaongezea chai. Baba Mdogo akainua tena mikono kwa Fatiha.

Ndoa ni baada ya Idi. Kitambaa kimeshakauka, lakini Mama hajakirudisha kwenye televisheni. Kiti chako kipo, na cha pembeni yake kipo. Ramadhani anasema hajawahi kuwatazama Wakorea, na kwamba anaweza kujaribu. Kifaransa hajui hata neno moja. Nitamsomea.

Lala kwa amani, Baba.

Ni mimi, binti yako uliyemngoja