Pipa Nililolisugua

Mjini Katy, Jumapili mchana

Mama mpendwa,

Mguu wako unaendeleaje tangu mvua zianze? Na yule ng'ombe mweusi, ameshazaa? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaoniuma, na nataka uyasikie haya kutoka kwangu.

Unakumbuka nilikueleza tunavyofuga kamba katika matangi, ndani ya banda. Hapa tunakuza bakteria wazuri kwenye pipa, kwa molasi na hewa, kisha tunawamwaga majini ili wawazidi nguvu wale wanaoleta ugonjwa. Pipa lilikuwa kazi ya Fidelis, yule Mrundi aliyenipokea nilipofika. Linanuka, na ndani lina utelezi wa kahawia. Nilikuwa nikikunja uso kila nikilipita, naye anacheka: "Weye Mkenya, usafi wako utatumaliza siku moja!"

Mwezi uliopita alichukua ofu ya siku mbili kwa komunyo ya kwanza ya binti yake. Akaniachia pipa. "Ndugu yangu, ukichota, bakiza kina cha kiganja kule chini. Hiyo ndiyo mbegu."

Siku hiyo hiyo bosi akasema wageni wanakuja. Nikaona aibu. Nikamwaga yote, nikalisugua pipa kwa klorini, nikalisuuza mara moja, nikaweka maji, molasi na bakteria wa pakiti. Rangi na harufu ya molasi ikaficha kila kitu. Fidelis aliporudi sikumwambia, niliona nimemsaidia.

Kumbe klorini iliyobaki iliwaua bakteria wale. Tulikuwa tunamwaga maji mafu. Siku ya tisa kamba wa tangi la tatu walilala chini, matumbo matupu. Kisha la nne.

"Nani anatengeneza pipa?" bosi akauliza.

"Ni mimi, bosi," Fidelis akajibu. "Nimefanya kama siku zote."

Alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Mimi nilikuwa pale na wavu, naopoa waliokufa, sijaelewa.

Jioni nilifungua daftari langu kuandika vifo. Nikarudi nyuma kurasa chache: "Nimeosha pipa kwa klorini. Linang'aa."

Mama, na mimi nimelelewa na wewe, unayebakiza maziwa lala chunguni ili yagandishe mengine! Nikiwa darasa la pili nilikiosha chungu hicho nikingoja sifa. Hukunipiga. Ulienda kwa shangazi kuomba mbegu.

Siku nne nilitembea na daftari hilo mfukoni. Ya tano nikamsomea bosi ukurasa ule. Akasema nimwite Fidelis arudi.

Alikuwa ameshahamia mji wa Euless kwa shemeji yake, anapakia mizigo uwanja wa ndege. Nikamweleza yote kwa simu.

"Ulijua lini?"

"Jioni ya siku ile uliyofukuzwa."

"Na unanipigia leo." Akavuta pumzi. "Binti yangu ameniuliza kama niliiba, na bado ana gauni la komunyo kitandani. Hapana, ndugu. Huko sirudi."

Nikaomba msamaha. Aliuliza tu, "Pipa sasa, unabakiza mbegu?"

"Nabakiza."

"Basi," akasema, akakata simu.

Sasa pipa ni langu. Kila asubuhi napima kiganja changu kule chini, ndipo naanza kazi.

Nisalimie dada mwalimu, mjomba wa kinu cha mahindi, na shangazi aliyetugawia mbegu. Fidelis umtaje unaposali. Mimi unigombeze kwanza.

Mwanao,
Kiprono