Maji Hutufikia Sisi Kwanza

Jumapili, 6 Julai 1952

Nimerudi nyumbani na hasira hata chai haipiti. Niandike kwa mpango.

Basili ameshuka mjini kutoka Uru baada ya misa. Tangu Pasaka hatukuwa tumekaa watatu — yeye, mimi, na Rajabu fundi cherehani, ambaye barazani kwake ndipo ilipo meza yangu ya kuandikia watu barua. Baridi kali, mlima haujaonekana tangu Ijumaa. Tumekaa tumejifunika makoti kama wagonjwa. Rajabu akanifunga dama mara tatu.

"Mwalimu, wewe unagombana na kete badala ya kuzisogeza."

Upuuzi. Nilikuwa nawaza mambo mengine.

Tulizungumza kama zamani. Dominika, binti wa Basili, anaanza mafunzo ya uuguzi. Njiwa wa Rajabu wamefika kumi na tisa, na mkewe Mwantumu amemwambia achague, njiwa au yeye. "Nimeomba muda wa kufikiri," anasema Rajabu. Mimi nikawapa habari ya gazeti: limenirudishia makala ya nne juu ya ardhi ya tambarare waliyopewa walowezi. Mhariri anasema lugha yangu ina moto. Moto! Nimeshamjibu, kurasa tatu.

Kisha mambo ya ukoo. Rajabu anasimulia ya kwao huku anacheka: babu yake alikuja na msafara kutoka Pangani, akavimba miguu, wenzake wakamwacha hapa. Bibi yake alitolewa na mangi mmoja, mtawala wa huku mlimani, kwa jora la bafta na baruti kidogo. "Lakini bafta ya zamani ilikuwa nzito, si hii ya siku hizi!" Anasema hivyo, na kete mkononi, kama mtu anayesimulia bei ya viazi.

Ndipo Basili akatoa daftari.

Miaka miwili sasa anazunguka kwa wazee akiandika habari za mfongo wetu — mfereji unaotoka korongoni huko juu na kunywesha vihamba arobaini, mashamba ya migomba ya koo zetu, chake na chetu vikiwamo. Ndiyo starehe yake tangu aache mpira. Tarehe 19 watu wakimaliza kuuzibua, atasoma mbele ya wote, kisha maji yafunguliwe. Akatusomea. Anasoma vizuri, sauti ileile ya darasani tulipokuwa wadogo. Nilifurahi, nakiri. Mpaka akafika hapa, nikamwomba arudie ili nisije nikasingizia:

"Mfongo ulichimbwa na Mzee Kiwia na wanawe. Baadaye alifika Ndelilio, mgeni. Kiwia akampokea, akampa mahali pa kukaa."

Kiwia ni babu yake. Ndelilio ni babu yangu.

Mgeni!

Nikauliza: alifika kutoka wapi? Basili akatazama daftari. Akasema wazee hawakubaliani juu ya hilo. Akafungua ukurasa mwingine, haraka.

Nikasimama. Rajabu: kaa Mwalimu, kete zinaanguka. Sikukaa.


Jumatatu, 7 Julai

Hoja yangu ni moja na haivunjiki.

Kihamba chetu ndicho cha juu kabisa, chini ya msitu, palepale mfongo unapotoka korongoni. Maji hutufikia sisi kwanza. Kisha kina Kiwia. Kisha wengine, mpaka chini. Sasa Basili anieleze: mtu gani mwenye akili atachimba mfereji kwa mikono yake miaka mingi, halafu amweke mgeni mdomoni mwa maji, yeye mwenyewe akae chini yake kusubiri mabaki? Nani? Wapi duniani?

Baba aliniambia mara mia: sisi ndio wa kwanza kunywa. Aliyasema kifua mbele.

Nimesoma vitabu vya kutosha kujua jinsi historia inavyoibwa. Mwenye kalamu anajiandika mwenye nyumba, wengine wote anawaandika wapangaji. Nimewashambulia Wazungu kwa jambo hilohilo miaka ishirini. Leo nimnyamazie Basili kwa sababu tulikula kiburu sufuria moja? Hapana!

Nimeanza waraka. Kabla ya saa sita kurasa nne zimejaa. Wateja wawili nimewarudisha — mmoja alitaka barua ya posa. Posa itangoja.


Alhamisi, 10 Julai

Nimemsomea Rajabu. Akasikiliza mpaka mwisho, mguu juu ya cherehani. "Mzuri sana, Mwalimu. Uchome."

Nikamwuliza kwa nini.

"Hivi ukiambiwa babu yako alikuwa mgeni, wewe Primus utapungua ratili ngapi?"

Nikamwambia hajui ardhi ni nini, amezaliwa barazani. Akacheka, lakini hakunitengenezea chai.


Jumapili, 13 Julai

Nimeusoma. Uwanjani, nje ya kanisa, watu bado wanasalimiana. Nilipanda juu ya kisiki ili wa nyuma wasikie.

Sauti yangu ilitoka vizuri. Nilipouliza ni nani achimbaye mfereji akamwachia mgeni mdomo wake, wazee wawili walitikisa kichwa kukubali. Nilipomwita Basili mwizi wa maji mwenye daftari, vijana walicheka. Yohana, ambaye hajawahi kukosa ugomvi wa mtu, alipiga makofi. Basili alisimama kofia mkononi, palepale alipokuwa. Sikumwona akipepesa. Mkewe Theopista ndiye aliyenijibu:

"Shemeji, hata padri hahubiri muda mrefu hivyo."

Watu wakacheka tena, safari hii si upande wangu. Basili akamgusa mkewe begani. "Twende, Mama Dominika." Wakaondoka. Hakusema neno! Mtu anaitwa mwizi mbele ya parokia nzima na anavaa kofia yake anakwenda zake!

Nimeshinda. Mwenye hoja hujibu.

Lakini kushuka mlima nilitembea peke yangu mpaka Kiboriloni. Hata Yohana alikuwa na njia nyingine leo.


Jumatano, 16 Julai

Mambo ni mengi, nijikaze.

Jana wazee wa mfongo walimtuma Mzee Efraimu. Maji hayafunguliwi wakati nyumba mbili za mfongo mmoja hazijanywa kwenye kata moja. Ndivyo ilivyo tangu zamani. Kwa hiyo tarehe 19 watu watazibua matope, kisha watarudi nyumbani mikono mitupu, kama mimi na Basili hatujapatana. Akina mama wa vihamba vya chini wamekuwa wakichota mtoni tangu mfongo ulipoziba, kwenda na kurudi saa nzima, mteremko wa matope. "Wanakutaja," alisema Efraimu. "Si kwa wema."

Vizuri, nikasema moyoni. Nipate ushahidi usiojibika, Basili afute mstari wake, watu wanywe. Leo asubuhi nikapanda kwa Shangazi Mektrida, dada wa baba, aliyebaki peke yake wa kizazi kile. Nimemkuta anamenya ndizi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nimesikia ulipanda kisiki."

Nikaeleza hoja yangu. Akaendelea kumenya. Nilipofika kwenye maji yanayotufikia sisi kwanza, akaweka kisu chini.

"Primus, umesoma vitabu vingapi?"

"Vingi, Shangazi."

"Na katika hivyo vyote hakuna kilichokuambia kukaa chini ya msitu ni nini?"

Akaniambia. Naandika kama alivyosema, nisipambe.

Zamani hakuna mtu mwenye ndugu aliyetaka kihamba cha juu. Tembo walishuka kutoka msituni, wakavunja migomba, wakakanyaga mfongo. Na njia ya msitu ndiyo waliyopita askari wa mangi mwingine wakija kuteka. Mwenye akili alijenga katikati, majirani huku na huku. Kule juu aliwekwa mtu wa kulinda mdomo wa maji — mtu ambaye akifa hakuna wa kumlilia.

Ndelilio alitekwa upande wa Rombo. Kijana tu, umri wa kipaimara. Aliletwa mikono imefungwa kwa kamba ya mgomba, mangi akamtoa kwa Kiwia, Kiwia akamweka pale. Miaka mitatu kwenye kibanda, yeye na ngoma ya kufukuzia tembo. Mwaka wa nne, siku ya kuzibua, Kiwia alimpa jembe mbele ya wanaume wote akasema: huyu naye ahesabiwe. Ndipo akawa mtu.

"Mbona baba hakuniambia?"

"Baba yako alikuwa akimkuta mzee wake anashtuka kila tawi linapovunjika. Wewe ungesimulia nini?"

Kisha hili, ambalo limenichoma kuliko yote. Basili alikwenda kwake mwezi wa tano. Shangazi alimweleza kila kitu. Basili akaandika, akamsomea, kisha akakata mistari ile yote mbele yake. Akamwuliza: Shangazi, nikiandika mgeni, nitakuwa nimesema uongo? Shangazi akamjibu kwamba mateka naye ni mgeni, ila hakualikwa.

Kwa hiyo alijua! Barazani kwa Rajabu alijua. Uwanjani, kofia mkononi, alijua! Neno moja tu lingenishusha kwenye kile kisiki, na hakulisema.

Nani alimwomba anihurumie? Nani? Miaka arobaini na tisa nimezungukwa na watu wanaonifichia: baba, shangazi, sasa rafiki. Nimeiandikia serikali nzima juu ya ukweli, na ukweli wangu mwenyewe wanao watu wa kumenya ndizi. Nimeshuka mpaka mjini bila kusalimia mtu.

Na bado hasira yangu ya leo haina mahali pa kukaa. Naigeuza huku na huku. Kila ninapoipeleka kwa Basili inanirudia.


Ijumaa, 18 Julai

Nimekata jani la isale.

Mwaka 1947 niliandika gazetini kwamba jani la uani haliwezi kufanya kazi ya mahakama, na kwamba watu waliosoma waache kupelekeana majani kuombana radhi. Makala nzuri. Waliichapa yote. Leo nimesimama kwenye ua wa kihamba chetu, kisu mkononi, nachagua jani lisilotobolewa na wadudu.

Haifai kulipeleka mwenyewe. Na kwa Efraimu niliona aibu. Rajabu akasema: lete, bibi yangu alikuwa wa huku. Akafunga duka. Njiani ananiuliza nalishikaje, Mwalimu? Namkabidhi kwa mkono gani? Je, akikataa?

Hakuna anayeruhusiwa kukataa isale. Hilo ndilo linalonisumbua. Ningependa awe na ruhusa.

Nilingoja barabarani. Rajabu alichukua muda mrefu, kumbe wamemlisha. Basili alilipokea kwa mikono miwili, akalichomeka juu ya mlango. Hakuniulizia. Aliuliza njiwa wamefika wangapi. Theopista aliuliza kama na zile kurasa nne zinakuja au ni jani tu.


Jumamosi, 19 Julai

Naandikia hapahapa juu, nimekaa kwenye jiwe kandokando ya mgomba wetu wa mwisho. Matope mpaka magotini.

Tulianza alfajiri, majembe arobaini na zaidi. Nimefanya kazi karibu na Basili bila kusemezana, tukitoa mawe mahali pamoja. Viganja vyangu vya karani vimechubuka. Saa nne Efraimu akajaza kata mbege, akampa Basili, akanipa mimi. Tumekunywa. Watu wakapumua. Yohana akapiga makofi — huyu naye! Sasa imebaki kusomwa historia, kisha Efraimu avunje kizuizi cha udongo.

Hapo Basili akanivuta pembeni. Akanipa daftari, limefunguliwa. Mstari wa babu yangu ameukata kwa rula, amenyoosha kabisa, na chini yake ameacha nafasi ya mistari mitano.

"Andika wewe, Mwalimu. Utakachoandika ndicho nitakachosoma."

"Hata kikiwa uongo?"

"Hata ukiandika mlichimba ninyi. Watu wanataka maji."

Bora angenipiga! Nikamwambia hana haki ya kunifanyia hivi, kwamba huu ni ukatili wa watu wapole, kwamba angenijibu Jumapili ile ile tungekuwa tumemaliza. Alisikiliza yote. "Kalamu ina wino," akasema, akaenda kukaa na wenzake.

Wote wako pale. Wale niliowaambia juu ya kisiki kwamba sisi ndio wenye mfongo. Vijana waliocheka. Wanawake wa chini wamepanda na madebe yao, wamekaa wamenyoosha miguu. Shangazi Mektrida ameletwa, amebebwa kwenye kiti, hanitazami. Basili amekunja mikono, anangoja nimpe chochote akisome kwa sauti yake nzuri.

Nikiandika uongo, atausoma. Yeye atajua, shangazi atajua, mimi nitajua, na maji yatafika chini vilevile. Hakuna atakayenisema. Hilo ndilo alilonipa, huyu bwana.

Najaribu hapa kwanza kwenye shajara. "Ndelilio alikuja." Hapana. Hakuja. "Ndelilio alipokelewa." Na nani, na kamba mikononi? Miaka ishirini sijawahi kukosa kitenzi.

Efraimu ameinuka, ameshika jembe. Mtu anaita, Mwalimu, baridi!

Nimeandika daftarini maneno manne, kwa wino: "Ndelilio aliletwa hapa amefungwa". Mkono umesimama. Basili anakuja kulichukua. Bado sijaweka nukta, bado sijaandika na nani —