Upatu wa Bibi na Taa ya Sola

Miteja, Kilwa
6 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Tawakali,

Siku ile ulipouliza kama upatu wa Bibi, ile sahani ya shaba tunayoipiga harusini, uko tayari kwa harusi ya Samina wako, simu haikukatika. Niliikata mimi. Nisamehe, na shikamoo. Hujambo huko Tanga? Miguu imepungua kuvimba? Sisi wazima, Alhamdulillahi.

Ndoa ni tamu, Shangazi, sikufichi. Nurdin akirudi shamba huanza kuniita tangu kwenye mikorosho, majirani wanacheka. Huu ni mwezi wa tatu tangu tuoane, na bado nikisikia hatua zake moyo unanienda mbio.

Utamu huo ndio ulionipumbaza. Alipita Yassini, mnunuzi wa vyuma chakavu, pikipiki imejaa taa za sola za kubadilishana. Alisema shaba inatafutwa dunia nzima, maana magari ya umeme na mitambo ya jua haviendi bila nyaya zake. Nikamuwaza mume wangu anavyokula ameinamia koroboi. Nikaingia ndani, nikautoa upatu, nikapewa taa.

Siwezi kusema sikujua. Nilijua bibi harusi wa mwisho katika ukoo huutunza mpaka aolewe mwingine. Nilijiambia siku hizi watu wanakodi spika, nani atauulizia? Na wewe ndiye uliyenipigia upatu huo siku zote saba za fungate, mpaka mkono ukafa ganzi.

Nurdin aliifurahia taa, kisha akauliza nimeipata wapi. Hakunigombeza. Kesho yake tulikwenda Lindi, ghalani kwa Yassini. Akacheka: "Bibi harusi, umechelewa! Mzigo umeondoka usiku, saa hizi umeshapanda meli. Labda ukautafute kwenye gari la Mchina." Nililia pale pale. Nurdin akanishika mkono mbele za watu wote.

Samina anaolewa mwezi ujao, na atakuwa wa kwanza kwetu kutolewa ndani bila upatu. Tafadhali usimwambie. Nataka ayasikie kwangu, ananitazama usoni. Akinikataza kukaa naye kwenye fungate, nitakaa jikoni na wapishi.

Msalimie Baba Samina, na jirani yako Bibi Likwata mwambie namkumbuka. Mungu akujalie nguvu, na moyo wa kunipokea. Kabla mwezi huu haujaisha nitabisha hodi kwako, Inshallah, hata kama hutaitikia.

Wako akupendaye na aliyekukosea,
Fauzia